Nalala watu wakiamka

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, naishi Mombasa, nina mke na binti wa miaka minne. Naomba jina langu lisitajwe, maana mtaani kwetu watu hujuana hata kwa mlio wa viatu.

Kwa miaka minane nilikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mwaka juzi nikapata kazi ya kuwahudumia wateja wa kampuni moja ya California, kwa simu na kompyuta. Ofisi iko Nyali na mshahara ni karibu mara tatu ya ule wa bandarini. Nimelipa madeni, binti ameingia chekechea nzuri, na baba yangu nimempeleka kutibiwa macho. Sikufuru.

Shida ni saa zenyewe. Wao wakifungua ofisi saa tatu asubuhi, kwetu ni saa moja usiku. Natoka saa tisa. Ikifika Novemba wakirudisha saa zao nyuma, mimi naingia saa mbili na kutoka saa kumi alfajiri, hivyo hivyo mpaka Machi. Gari la ofisi haliondoki kabla ya saa kumi na moja kwa ajili ya usalama, na mimi ndiye wa mwisho kushushwa. Nikifika mtaani jua limeshatoka. Hapo nakaa barazani na wazee waliotoka msikitini, tunakunywa chai kwa mahamri na mbaazi, tunazungumza. Saa mbili naingia kulala.

Kulala kwenyewe ni jina tu. Kufika saa tano niko macho. Mabati yanachemka, chini kuna fundi anayechomelea madirisha, na watoto wa chuo wanapita wakisoma kwa sauti. Nilitundika blanketi dirishani, mke wangu akaliondoa. Alisema nyumba imekuwa kama ina matanga.

Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi. Mimi nikiingia yeye anatoka, tunapishana mlangoni. Mchana nampokea mtoto akirudi, nashinda naye mpaka jioni, mama yake akija mimi naondoka. Juzi jirani alimuuliza binti yangu baba yuko wapi, akajibu, “Baba ni mgonjwa, amelala.”

Usiku wa Jumamosi na wa Jumapili sina zamu. Siku hizo najilazimisha kulala na kuamka na watu, kuna harusi, kuna kuzika, kuna kumtembelea baba. Jumatatu usiku narudi kazini kichwa kikiwa kama kimejaa mchanga.

Mwenzangu wa zamu ananiambia mwili utazoea, yeye ulimchukua miezi mitatu tu. Mimi huu ni mwaka wa pili. Binamu yangu aliye Minnesota kaniletea chupa ya melatonini, vidonge vya kutafuna vyenye ladha ya stroberi, miligramu 10 kila kimoja. Natafuna viwili nikishuka garini. Kinachokuja si usingizi, ni uzito.

Lililonifanya niandike ni hili. Mwezi uliopita, Jumamosi asubuhi, nilimpeleka binti yangu ufukweni. Nilikaa mchangani nikimtazama. Sikumbuki kufumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, ananipungia mkono. Mke wangu sijamwambia.

Msimamizi amenipa nafasi ya kuhamia kundi linalohudumia wateja wa New York, saa kumi jioni hadi saa sita usiku, lakini mshahara utapungua kwa shilingi 22,000. Baba anataka nirudi bandarini, anasema mwanamume anayelala adhuhuri huleta nuksi nyumbani. Mke wangu husema, “Fanya utakalo, mimi nimeolewa na mlinzi wa usiku asiye na rungu.” Nadhani amenichoka. Mwaka mzima nimejisikia mtu mzima mwezi mmoja tu, nao ni Ramadhani. Sijui ni baraka za mwezi wenyewe.

Je, nivumilie mwili uzoee, niongeze dawa, au niache kazi?

Bundi wa Mombasa

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Umejiita bundi, ndege ambaye watu wetu wakimsikia juu ya paa humfukuza. Hilo jina sitalitumia. Niliuguza wagonjwa usiku kwa miaka 19 kabla ya kustaafu, na huo mchanga wa kichwani naujua bila kusimuliwa. Saa kumi alfajiri, hata mwezi wa Machi ambapo joto la Mombasa huwa halina huruma, sisi wauguzi tulikuwa tukivaa sweta. Miaka mingi nilidhani ni upepo wa baharini. Kumbe joto la mwili wa mwanadamu hushuka chini kabisa karibu na saa hizo, kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri, awe amelala au yuko macho.

Kabla ya lolote, ufukweni. Usimpeleke mtoto majini peke yako baada ya zamu, wala usishike usukani au pikipiki. Hili silizungushi. Ule haukuwa uzembe wa baba. Ubongo ulionyimwa usingizi hujikatia wenyewe vipande vya sekunde chache bila kumwomba ruhusa mwenye ubongo, na ndiyo maana hukumbuki kufumba macho. Mke wako ana haki ya kulijua hilo, na nahisi siri hii inakuelemea kuliko unavyoonyesha.

Sasa nielewe kama nimekuelewa. Una kazi inayokulisha na kukula. Mwili hautaki kuhamia California, pochi haitaki kurudi bandarini, na nyumbani umegeuka mgeni unayepishana na wenyeji mlangoni. Umeniuliza swali la kazi, lakini barua yako imejaa watu: wazee wa barazani, binti, mke, baba. Nitaanza na mwili, watu nitawafikia.

Mwenzako anasema mwili utazoea. Huenda wake umezoea kweli. Mwaka 1938 mtaalamu wa usingizi Nathaniel Kleitman na mwanafunzi wake Bruce Richardson waliishi siku 32 ndani ya pango la Mammoth, Kentucky, mahali pasipofikiwa na mwanga wa jua, wakajaribu kuishi kwa siku ya saa 28 badala ya 24. Kijana alifuata ratiba mpya vizuri. Mwalimu, aliyekuwa na miaka zaidi ya 40, mwili wake uligoma mpaka mwisho. Watu wawili, pango moja. Kwa hiyo usijipime kwa mwenzako. Na mwulize kitu kimoja: akitoka kazini anakaa wapi, na Jumamosi analala saa ngapi? Huenda jibu ndilo tofauti yenu.

Nasema hivyo kwa sababu ya jinsi saa ya mwili inavyofanya kazi. Sisi Waswahili tunahesabu saa kuanzia jua linapotoka, saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga. Mwili nao ni Mswahili. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana, kuna vifundo viwili vidogo vyenye seli 20,000 hivi, na hivyo ndivyo saa kuu. Vikiachwa gizani huendelea kuzunguka vyenyewe. Mkwaju hufunga majani usiku na kuyafungua mchana, umeuona tangu utotoni. Mfaransa mmoja, de Mairan, mwaka 1729 alikiweka kifauongo mahali penye giza akaona kinaendelea kufungua na kufunga majani kwa wakati wake bila kuliona jua. Ya kwetu ndiyo hivyo hivyo, ila ya binadamu wengi huchelewa kidogo, mzunguko wake ni saa 24 na dakika kumi hivi. Lazima kila siku irekebishwe, na mrekebishaji ni mwanga unaoingia machoni. Kuna seli nyuma ya jicho ambazo kazi yake kubwa si kuona sura ya mtu bali kupeleka habari za mchana na usiku, na mwanga unaozichangamsha zaidi ni ule wa buluu, kama wa anga la asubuhi.

Mwanga wa jioni na wa usiku wa mapema huichelewesha saa ya mwili, ukachelewa kulala. Mwanga wa asubuhi huiwahisha. Taa ya ofisini kwako huenda ina luksi mia tatu, luksi ikiwa ni kipimo cha ukali wa mwanga. Jua la Mombasa likipanda ni makumi ya maelfu. Usiku kucha ofisi inakuvuta polepole kuelekea California, halafu unashuka garini, unakaa barazani na chai mkononi, na kwa saa moja na nusu jua linakurudisha Mombasa kwa nguvu. Kisha unaingia ndani kuuambia mwili kwamba sasa ni usiku. Mwili unakushangaa.

Sifurahii kukwambia hivyo. Nimeona ulivyoiandika ile chai, na mahamri, na mbaazi. Ndiyo saa pekee katika siku yako unayokaa na watu wakubwa wasio wateja. Yaani kinachokuvuruga usingizi ndicho kinachokufanya ujione bado ni mtu wa mtaa ule, na mshauri atakayekwambia “acha baraza” kana kwamba ni kuacha sigara hajawahi kufanya kazi usiku.

Hapo ndipo Ramadhani yako iliponishtua. Baraka zipo, sizikatai. Lakini hebu ukumbuke asubuhi za mwezi ule. Barazani hapakuwa na chai. Bila shaka ulishuka garini ukaingia ndani moja kwa moja, pengine saa nzima kabla ya kawaida yako. Mtaa ulikuwa kimya, kwa sababu nusu ya watu walikuwa wamelala baada ya daku na swala. Adhuhuri hakuna aliyekushangaa ukijinyoosha, maana kila mtu alikuwa amejinyoosha. Na usiku ulipokuwa kazini, mji mzima ulikuwa macho nawe, mkeo akiamka kupika daku saa uliyokuwa ukimaliza zamu. Mwezi ule watu wako walihamia kwenye saa zako. Sijui kipi kilikuponya zaidi, giza la mapema au kutokuwa peke yako. Wewe unaweza kujua, jaribu kukumbuka.

Kuhusu vidonge. Wengi hudhani melatonini ni dawa ya usingizi kama zile za hospitalini. Jina lake lenyewe halihusiani na usingizi: mwaka 1958 daktari wa ngozi Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale alikuwa akitafuta kinachobadilisha rangi ya ngozi, akaipata kwenye tezi ndogo ya ubongo wa ng’ombe, ile iitwayo pinea. Ni homoni ya giza. Hata panya, ambaye usiku ndio anatoka kutafuta riziki, melatonini yake hupanda usiku. Kazi yake ni kutangaza kwamba usiku umeingia, kama adhana ya magharibi. Adhana haimbebi mtu mpaka msikitini. Na mwanga mkali huizima: hilo lilionyeshwa kwa binadamu mwaka 1980. Wewe unatafuna vidonge viwili, miligramu 20, halafu unakaa juani. Mjumbe mmoja anatangaza usiku na mwingine anatangaza asubuhi. Uzito unaousikia haunishangazi.

Kuongeza kipimo hakutalirekebisha hilo. Watafiti mara nyingi hutumia kiasi kidogo sana kuliko hicho, nusu miligramu hadi tano, na wakati wa kumeza una uzito kuliko wingi. Tena kinachoandikwa kwenye chupa si lazima kiwe ndicho kilichomo. Kanada mwaka 2017 walipima aina 31 za bidhaa za melatonini, nyingine zilikuwa na pungufu sana, moja ilizidi karibu mara tano ya ilichoandika. Kama unatumia dawa za presha au za kuzuia damu kuganda, mwone daktari kabla ya kugusa chupa ile tena. Na vidonge vyenye ladha ya stroberi katika nyumba yenye mtoto wa miaka minne ni peremende tu machoni pake. Viweke juu, vifungie.

Tuzitazame sasa njia zako. Nimekuongezea moja ambayo hukuitaja.

Hiyo ya kuongeza ni kubaki ulipo lakini ukae nusu ya safari. Hivi sasa kila wiki unasafiri kwenda California na kurudi, bila pasi wala ndege, na kila Jumatatu unaanza upya. Wapo wataalamu wanaowashauri watu wa zamu za usiku wasijaribu kugeuza siku nzima wala kurudi kabisa mwisho wa juma. Kwako ingekuwa hivi. Mwanga wa kutosha mwanzo wa zamu, upunguze dakika za mwisho kadiri kazi inavyoruhusu, kahawa iishe saa sita usiku kwa sababu nusu yake bado itakuwa mwilini saa tano baadaye. Garini, kwa kuwa huendeshi wewe, miwani myeusi jua likichomoza. Ukifika, kitandani, chumba kiwe giza kama kisima. Usiku usio na zamu ulale kuanzia kama saa tisa, uamke saa nne au saa tano. Jua lako lihamie alasiri. Hata baraza lipo alasiri, la kahawa chungu na tende, ingawa najua si wale wale na mazungumzo si yale yale. Hasara yake ni asubuhi za Jumamosi na Jumapili, yaani ufukweni, na mazishi ya asubuhi, na baba yako atazidi kusema. Utapata usingizi na utapoteza sehemu ya mji.

New York inakupa usiku wa kweli. Ungelala saa saba ya usiku, au saa nane baada ya Novemba, gizani, nyumba imetulia, uamke jua likiwa limepanda. Kwa mwili naiona nyepesi kuliko zote. Lakini soma barua yako tena. Kwa sasa mchana wa binti yako uko mikononi mwako. Ukiingia kazini saa kumi jioni, itabidi uondoke nyumbani kabla mama yake hajafika. Nani atakaa naye, na huyo mtu atalipwa kiasi gani juu ya zile 22,000? Na mke mtaonana lini, ikiwa asubuhi yeye anatoka kwenda kufundisha? Labda mkiwa kitandani pamoja usiku wa manane hilo linatosha. Wapo wanandoa waliolikosa kwa miaka wakalilia.

Bandarini jua liko upande wako, na kila mtu atakuelewa. Kwa nini uliondoka, lakini? Madeni uliyolipa yalitoka wapi? Baba yako anazungumzia nuksi. Pengine ana hofu na afya yako, akakosa maneno mengine. Pengine ni aibu ya kuulizwa msikitini. Haya ni mambo mawili mbalimbali na yanahitaji majibu mbalimbali, na ni wewe unayemjua.

Kuvumilia tu, kama ulivyo, ndiyo njia ninayoihofia. Watu wanaofanya kazi usiku miaka mingi hupatwa zaidi na kisukari na maradhi ya moyo, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani mwaka 2007, kisha tena 2019, liliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo ambayo yumkini huleta saratani. Hilo si hukumu juu yako, na huu si mwaka wako wa ishirini. Hata hivyo kapime sukari na presha mwezi huu. Ni kitu cha dakika kumi.

Nimebakisha mkeo. Umeandika “amenichoka” kama mtu aliyesoma cheti cha daktari. Umelijuaje? Mimi nasikia neno la rungu na nacheka, na mwanamke anayekutania bado anakusemesha. Huenda nimekosea, sikuisikia sauti yake. Lakini mtazame naye: anafundisha tangu asubuhi, anarudi kumpokea mtoto, analala peke yake na mlango umefungwa kwa makomeo mawili, na lile blanketi la dirishani, kabla hajaliondoa, lilimkumbusha kwamba nyumbani kuna mtu ambaye hawezi kumwamsha. Umewahi kumuuliza yeye analalaje? Tena umemweleza kwamba giza lile ni la tiba, au aliona tu blanketi? Msimulie ya ufukweni siku ambayo hakuna anayekimbilia mlango. Jumapili alasiri ni wakati mzuri, utakuwa umeamka na yeye hajaanza kusahihisha madaftari.

Na pazia mwache achague yeye. Zito, lenye bitana nyeusi kwa ndani, upande wa chumbani liwe rangi anayoipenda. Mafundi wa Marikiti watalishona kwa siku moja. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani watarudisha saa zao nyuma na zamu yako itasogea tena, kama bado utakuwa huko. Niandikie kabla ya hapo, hata mistari miwili, uniambie ni rangi gani.